Bima Haipandi Kwenye Fuso

Mtu akitaka kuhama hutafuta gari, hutafuta wabebaji, kisha huomba maboksi kwa wenye maduka. Bima haimo katika mahangaiko hayo. Hata aliyeikata miaka mingi huamini kwamba itamfuata huko aendako, kwa sababu ada amelipa na vyombo ni vile vile. Imani hiyo huwatia watu hasara, na hasara yenyewe huja wakati mbaya, akiba ikiwa imekwisha kwa dalali, mafundi na nauli.

Kisa kifuatacho nimekitunga ili kifundishe, ndiyo maana watu wake hawana majina. Masharti ya bima yaliyomo hayakutungwa. Ni yale yaliyozoeleka katika mikataba ya bima za nyumba, na msomaji mwenye hati yake kabatini anaweza kuitoa akayatafuta mstari kwa mstari.

Bima nne za karani

Palikuwa na karani mmoja wa bandarini, Dar es Salaam, aliyekuwa amepanga Magomeni pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sebule yao ilikuwa pia karakana: mashine mbili za kushonea, moja ya kudarizi, meza ya kukatia na mafurushi ya vitambaa vya wateja. Mama huyu alikuwa na daftari. Kila kitambaa kilichoingia kiliandikwa, kila malipo ya awali yaliandikwa, na risiti za mashine zilibanwa kwa pini kwenye jalada la nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, naye aliushika usemi huo kama kanuni ya kazi yake.

Karani naye hakuwa mzembe. Wakala wa bima alipopita ofisini kwao alikata bima ya vyombo vya ndani: televisheni, jokofu, makochi, vitanda, kompyuta ya watoto. Alijaza fomu, akalipa, hati akaifungia kabatini. Mwaka ulipokwisha aliihuisha kwa simu, na uliofuata vivyo hivyo. Ukurasa wa kwanza wa hati ile ulikuwa na mstari uliotaja mahali mali ilipo: nyumba namba fulani, mtaa fulani, Magomeni. Mstari huo hakuusoma siku ya kusaini, na hakupata sababu ya kuusoma baadaye.

Baada ya miaka ya kupanga, wakapata nyumba ya vyumba vitatu huko Goba. Mwenye nyumba, mstaafu aliyekuwa akirudi kwao mkoani, aliiuza kwa shilingi milioni 140. Milioni 80 zilikuwa akiba ya miaka mingi, 60 zikatoka benki. Siku ya kukabidhiana, mstaafu alimpa karani funguo tatu na neno la kumtuliza: "Mwanangu, nyumba hii ina bima. Nimeilipia Januari, mwaka bado mbichi."

Karani akashukuru. Akakumbuka pia kwamba katika karatasi za mkopo kulikuwa na makato ya bima, akajiambia kuwa benki nayo imeshamkatia. Dereva wa Fuso alipokuja kupatana bei, akamwambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi, gari lina bima kubwa." Ukiongeza ile ya vyombo iliyokuwa kabatini, karani alihesabu bima nne. Nani angemlaumu kwa kulala usingizi?

Mkewe alimwuliza swali moja. "Baba watoto, hizo karatasi umezisoma?"

"Mama watoto, hizo ni lugha za wanasheria. Tuhame kwanza. Tukishatulia nitakaa nazo chini moja moja."

Neno hilo, "tukishatulia", ndilo lililowagharimu. Kuhama ni kipindi ambacho mali haiko inapojulikana kuwapo, milango ina funguo zisizo na idadi, na majirani hawajui nani ni nani. Kinga huhitajika kwa ukali zaidi katika siku hizo kuliko katika miezi ya utulivu itakayofuata. Anayengoja kutulia ndipo ashughulike na bima huwa ameuvuka mto bila mtumbwi, kisha anauliza bei ya mtumbwi akiwa ng'ambo.

Njiani

Walihama Jumamosi moja ya Aprili, masika yakiwa yameshika. Barabara ya mtaa kule Goba inapanda na kushuka, na siku hiyo ilikuwa tope. Fuso likayumba kwenye mteremko, kamba ikalegea, jokofu na mashine ya kudarizi vikaanguka. Jokofu lilibonyea na kuvuja gesi. Mashine ilivunjika shingo.

Karani akamkumbusha dereva habari ya bima kubwa. Dereva hakuwa amesema uongo. Gari lilikuwa nayo kweli, ila bima kubwa hulilinda gari lenyewe pamoja na madhara ambayo gari linawasababishia wengine. Ile ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, msingi wake ni watu wengine wanaojeruhiwa au kufa. Mzigo uliopakiwa hauko katika hizo mbili. Mzigo una bima yake, bima ya mizigo safarini, ambayo hukatwa na mwenye mali au msafirishaji kabla ya safari, na hakuna aliyeikata. Bima ya vyombo vya ndani nayo, kama jina lake lilivyo, ilivilinda vyombo vikiwa ndani ya nyumba iliyotajwa. Barabara haikuwamo.

Dereva alipunguza nauli, wakaagana. Karani akajifariji kwamba mabaya yamekwisha.

Usiku wa pili

Watoto walikuwa na mitihani shuleni kwao Magomeni, na kodi ya pale ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Familia ikaamua kulala huko siku tatu zaidi. Vitanda vilibaki Magomeni, vitu vingine vyote vikawa Goba, katika nyumba ambayo hakuna aliyelala. Milango ilifungwa kwa vitasa vile vile vya mstaafu.

Funguo tatu za mstaafu zilikuwa mkononi mwa karani. Lakini nyumba ile iliwahi kupangishwa, iliwahi kupakwa rangi, iliwahi kubadilishwa vigae, na iliwahi kuwa na mlinzi. Nani alichonga nakala ya ufunguo, na lini, hata mstaafu asingeweza kusema.

Usiku wa pili watu walikuja na kirikuu, wakafungua mlango, wakabeba televisheni, kompyuta, mashine mbili za kushonea zilizokuwa zimebaki nzima, na mafurushi ya wateja. Kisha wakaufunga mlango kama walivyoukuta. Jirani aliwaona. Alidhani wenye nyumba wapya wanaendelea kuhama, na angewezaje kudhani vinginevyo? Mtaani hakuna anayemshangaa mtu anayebeba televisheni usiku katika wiki ya kuhama.

Asubuhi karani akaenda kituo cha polisi, akapewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, akaipigia kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Mpaka hapo alifanya lililo sahihi. Kampuni ikamtuma mtathmini wa hasara, mama wa makamo, mpole, aliyekagua mlango kwanza, kisha madirisha, kisha akaketi kwenye kochi na kuomba hati.

Majibu ya mtathmini

Jambo la kwanza aliloonyesha kwa kidole lilikuwa ule mstari wa ukurasa wa kwanza. Mali iliyowekewa bima ni mali iliyoko Magomeni. Karani akasema mali ni ile ile, mwenye mali ni yule yule, na ada haijawahi kuchelewa. Mtathmini akamweleza kwa utaratibu. Kampuni ilipopanga ada, ilipima hatari ya nyumba ile ya Magomeni: wapangaji wengi wanaoonana kila saa, geti moja, mtu yupo usiku na mchana. Nyumba ya Goba, isiyolaliwa, ni hatari nyingine ambayo kampuni haikuulizwa wala haikuikubali. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli ambao kila upande umeuweka mezani, na mteja ndiye anayeijua nyumba yake. Mabadiliko yasiyotajwa huitoa hasara nje ya mkataba.

Jambo la pili lilikuwa mlango. Sharti la wizi lilisema kuingia kuwe kwa kuvunja, na dalili za kuvunja zionekane. Nondo za madirisha zilikuwa nzima, kitasa kizima, kioo kizima. Aliyeingia kwa ufunguo, kwa maneno ya hati, hakuvunja. Sharti hili huwaumiza wengi, lakini lina maana yake: bila hilo, kila anayesahau kufunga mlango na kila anayempa ndugu ufunguo angeweza kudai.

Jambo la tatu lilimgusa mke wa karani. Mashine za kushonea zilikuwa vitendea kazi, na vitambaa vilikuwa mali ya wateja. Bima ya vyombo vya ndani hulinda matumizi ya nyumbani. Kazi ya kipato inayofanyika sebuleni, iwe ushonaji, saluni, kuoka keki au kufuga kuku wa mayai, hutajwa wakati wa kujaza fomu na huongezewa kipengele chake. Katika fomu ya karani, mahali palipoulizwa kama nyumba inatumika kwa biashara, palijazwa "hapana". Alikuwa akiifikiria nyumba yenyewe, hakufikiria mashine.

Jambo la nne lilikuwa ushahidi. Karani aliandika "kama milioni nane". Risiti ya televisheni hakuwa nayo, picha hakuwa nayo, namba iliyogongwa nyuma ya kompyuta hakuijua. Mkewe akaleta daftari, na humo kila mashine ilikuwa na tarehe, bei, namba na risiti. Ikawa vitu vilivyoandikwa havikuwa na bima, na vilivyokuwa na bima havikuandikwa.

Karani akauliza kuhusu bima ya mstaafu. Mtathmini akamjibu kwamba bima ni mkataba wa mtu na kampuni, wala haiuzwi pamoja na kuta. Kulipwa kunadai uwe na maslahi katika mali, maana yake ni kwamba mali ikiharibika wewe ndiye unayepungukiwa. Mstaafu alipouza, maslahi yake yalikwisha, na karani hakuwahi kuwa sehemu ya mkataba ule. Bima hiyo haikuwa ya mtu tena.

Hesabu ya nyumba nzima

Mtathmini angeweza kuaga hapo. Badala yake aliomba aione pia hati ya benki, akasema, "Hili si dai la leo, lakini nisipowaambia nitakuwa nimewaacha gizani."

Hati ya benki ilikuwa ya jengo peke yake, dhidi ya moto na majanga machache yaliyotajwa. Vyombo havikuwamo, wizi haukuwamo. Wa kwanza kulipwa alikuwa benki, kwa deni lake. Na kiasi cha bima kilikuwa milioni 60, sawa na mkopo.

Mtathmini akachukua kalamu. Tuseme, alisema, kuijenga upya nyumba hii tangu msingi hadi paa kwa bei za leo ni milioni 120. Kiwanja hakihesabiwi, maana kiwanja hakiungui. Jengo la milioni 120 limewekewa bima ya milioni 60, yaani nusu. Sasa jiko liungue, hasara iwe milioni 30. Wengi hudhani watalipwa 30 kwa kuwa ni chini ya 60. Sivyo. Mikataba mingi ina kanuni ya wastani: aliyekata bima ya nusu ya thamani hulipwa nusu ya kila hasara. Milioni 30 zinakuwa 15, na kutoka hizo hukatwa sehemu ile ambayo kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Nusu iliyobaki hulipwa na mwenye nyumba, huku marejesho ya mkopo yakiendelea kila mwezi kama kawaida.

Karani aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Nyumba haikuwa imeungua. Alikuwa amebakiwa na nafasi ya kuirekebisha karatasi moja kabla haijamgharimu, na hiyo ndiyo faida pekee waliyoipata mwezi ule. Mkewe alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaanza kuandika vilivyosalia, chumba kwa chumba.

Yafanywe kabla gari halijafika

Funzo kubwa la kisa hiki ni hili: bima haihami na vyombo. Huhamishwa na mtu, kwa maandishi, kabla ya siku ya safari. Hatua zake si nyingi, na hakuna inayoshinda uwezo wa mtu aliyeweza kupanga kuhama.

Siku unayopatana bei na mwenye gari, iandikie kampuni yako ya bima au wakala wako. Taja anwani mpya, tarehe ya kuhama, kuta ni za nini, paa ni bati, vigae au makuti, ulinzi ukoje, nani watalala humo, na kama kuna kazi ya kipato. Makuti yasifichwe, nyumba za pwani zenye banda la makuti uani hupimwa tofauti kwa sababu ya moto. Omba barua ya mabadiliko inayoambatanishwa na hati, na uhakikishe inataja anwani zote mbili kwa siku ambazo vyombo vitakuwa vimegawanyika. Ada inaweza kupanda au kushuka. Ikipanda, lipa kabla hujalala, kwa kuwa chini ya taratibu za bima za Tanzania kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Ahadi ya simu si kinga.

Uliza kuhusu nyumba tupu. Mikataba mingi huondoa wizi nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani mfululizo, mara nyingi siku 30. Hili linawahusu walionunua mapema wakangoja shule zifungwe, na pia wanaofunga nyumba Desemba kwenda kwao.

Badilisha vitasa siku ya kukabidhiwa, hata kama aliyekuuzia ni mtu mwema usiyemtilia shaka. Wema wake hauzijui nakala zilizochongwa na mafundi wake. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, na uwaambie majirani wa pande zote siku mtakayomaliza kubeba. Jirani akijua kuhama kumekwisha, kirikuu ya usiku itamshtua.

Kwa safari yenyewe, mwulize msafirishaji kama ana bima ya mizigo, na akisema anayo, aionyeshe. Kama hana, iulizie kwenye kampuni yako. Uliza pia habari ya vitu ulivyofunga mwenyewe, maana fidia ya kuvunjika kwake mara nyingi hukataliwa kwa hoja kwamba havikufungwa vizuri. Fedha taslimu, dhahabu na hati miliki visipande gari la mizigo kabisa. Beba mwenyewe.

Andika orodha. Simu inatosha: piga picha kila chumba kabla ya kufunga maboksi, piga picha ya namba iliyogongwa nyuma ya kila mashine, piga picha ya risiti, kisha ziweke nakala mahali ambapo simu ikiibwa hazitaibwa nayo.

Kwa jengo, omba makadirio ya gharama ya kujenga upya kutoka kwa mkadiriaji majenzi au mthamini, na kiasi cha bima kifuate makadirio hayo. Bei ya ununuzi na deni la benki si kipimo. Hesabu uzio, geti, kisima, tangi na paneli za sola, na kila kimoja kitajwe. Makadirio yapitiwe upya wakati wa kuhuisha, kwa sababu bei ya nondo na saruji haikai mahali pamoja. Hati ikiwa ya benki, omba nakala yake. Una haki ya kujua unacholipia, na unaweza kukata bima ya nyongeza kwa sehemu ambayo benki haikuigusa.

Soma yasiyolipwa. Mchwa, unyevu unaopanda ukutani, bomba linalovuja kidogo kidogo kwa miezi, na nyufa za msingi mbovu kwa kawaida hayalipwi, kwa kuwa bima ni ya tukio la ghafla. Vifaa vinavyoungua umeme unaporudi kwa nguvu mara nyingi huhitaji kipengele chake. Maji ya mafuriko yanaweza kuwekewa masharti au kukataliwa kabisa katika maeneo ya mabondeni. Tusisahau Desemba 2011, mvua zilipoleta mafuriko Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakafa, na Serikali ikawapa viwanja Mabwepande wakazi waliohamishwa kutoka Bonde la Msimbazi. Kabla ya kununua, waulize wazee wa mtaa maji hupita wapi masika. Jibu lao litakufaa kuliko rangi mpya ya ukuta, na kampuni ya bima nayo itauliza swali hilo hilo.

Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021 isichanganywe na bima. Hiyo ni kodi, inakwenda serikalini, na nyumba ikiungua hailipi chochote.

Anayepanga naye anahusika

Mpangaji husema, "Nyumba si yangu, bima ni ya mwenye nyumba." Nusu ya kwanza ni kweli. Mwenye nyumba akiwa na bima, bima hiyo hulinda kuta na paa lake. Makochi, jokofu na nguo za mpangaji si zake, hana maslahi nazo, na kampuni yake haitazilipa. Zaidi ya hapo, moto ukianzia kwenye jiko la gesi la mpangaji ukala nyumba nzima, mwenye nyumba, au kampuni yake baada ya kumlipa, anaweza kumgeukia mpangaji. Bima ya vyombo inaweza kuongezewa kipengele cha dhima kwa ajili ya madai kama hayo, na mpangaji anayehamia nyumba ya ghorofa, ambako maji yake yakifurika huharibu dari ya jirani wa chini, anakihitaji kuliko anavyodhani. Wenye kuepuka riba nao sasa wana takaful, ambayo inapatikana nchini kwa misingi ya kuchangiana. Masharti yake yasomwe kwa makini yale yale.

Ukifikwa, na ukikataliwa

Janga likitokea, okoa watu kwanza. Kwa moto piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa wizi chukua RB siku hiyo hiyo. Ijulishe kampuni mara moja, kwa maandishi. Usitupe vilivyoharibika wala kukarabati kabla mtathmini hajaona, isipokuwa kuzuia hasara isizidi, kama kufunika paa kwa turubai.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote, hakikisha anatambuliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na ukishapewa hati, ihakiki katika mfumo wa mamlaka hiyo ujue kama imesajiliwa kweli. Kampuni ikikataa dai, omba sababu kwa maandishi, na kifungu kitajwe. Usiporidhika, andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni, kisha nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 ili mwananchi asilazimike kuanzia mahakamani. Wapo waliokataliwa kimakosa wakalipwa baada ya kudai. Lakini hakuna msuluhishi anayeweza kuibadilisha anwani uliyoiacha bila kuibadilisha, wala kuyafuta maneno uliyoyajaza mwenyewe katika fomu.

Naomba familia zinazojiandaa kuhama zifanye jambo moja wiki hii. Mume na mke, au wengine wanaobeba pamoja gharama za nyumba, wakae pamoja na hati waliyonayo, mmoja asome kwa sauti na mwingine aulize. Watafute mambo manne: mahali palipotajwa, kilichowekewa bima, kiasi, na yasiyolipwa. Wasipoelewa neno, wamwulize wakala kwa maandishi na walitunze jibu. Kama hawana hati yoyote, waanze na orodha ya mali, kwa sababu orodha haina ada na kampuni itaihitaji siku watakapokata. Karani wa kisa chetu alikuwa mtu wa kazi, mwaminifu, mwenye kulipa kwa wakati, na hayo yote hayakumsaidia kwa kuwa karatasi zake zilieleza maisha aliyokuwa ameshayaacha. Hakikisha zako zinaeleza nyumba utakayolala usiku wa kuhama.